Kamera ya Swee Lan na Tundu la Hondohondo

CHAMA CHA WAPIGA PICHA ZA NDEGE, KAMPUNG LUBUK MERAH, PERAK
KIKAO CHA NNE

Tarehe: Jumamosi, 17 Mei 2025, baada ya alasiri
Mahali: Kibanda cha kahawa cha Haji Mokhtar
Waliohudhuria: Haji Mokhtar (mwenyekiti), Mwalimu Velusamy, Mama Zaleha (katibu) na wanachama sita
Asiyekuwepo: Swee Lan, yuko Penang anamuuguza mama mkwe

KUMB. NA. 4/1: SALAMU
Kwa kuwa nakala hii inakwenda Penang, kikao kiliagiza salamu zitangulie. Swee Lan mwanangu, hujambo? Mama mkwe je, mguu umeshakanyaga chini? Mumeo Boon Teik hajambo? Na kikohozi cha mtoto, Jia Qi? Mpake mafuta ya moto kifuani. Sisi wazima, ila roho ya katibu haijatulia, sababu iko hapo chini.

KUMB. NA. 4/2: KAMERA
Mwenyekiti alieleza kwamba kamera ya kuvuta mbali aliyotuazima Swee Lan ilijaribiwa asubuhi, nyuma ya kamba tuliyofunga ili watu wasiusogelee mti wa ndege wetu, hondohondo. Jike amejiziba tunduni na kinda lake, analishwa na dume kupitia ufa. Dume akiogopa watu, wa ndani wanakaa na njaa.

Ilionekana kamera inavuta mpaka kope za ndege zinahesabika. Ni nyepesi, na mtu aliyechoshwa na kupiga picha kwa simu atajifunza kupanga mwanga mwenyewe. Ubaya wake, ikivutwa mpaka mwisho inatetemeka bila stendi ya miguu mitatu, na kivulini picha inaota chembechembe.

Mwalimu Velusamy alisema, "Hiyo si picha, ni uji wa mchele."

Haji akajibu, "Na wewe na hilo bomba lako la lenzi umepata nini, Mwalimu? Mgongo wa jani?"

KUMB. NA. 4/3: KAMBA
Ilibainika Mwalimu alivuka kamba ili lenzi yake ifike. Dume alikuja koo limejaa tini za porini, akazunguka, akaondoka nazo. Hakurudi mpaka mchana.

Mwalimu alijitetea, "Nilisogea kidogo tu."

Katibu alisema, ingawa kazi yake ni kuandika, "Mwalimu, ungekuwa umefungiwa na mtoto, ukasikia mabawa ya baba yake yanakwenda zake, ungesema kidogo?"

Ndizi za kukaanga hazikuguswa. Haji aliuliza nani bado anataka kamba isogezwe karibu na mti, kama Mwalimu alivyoomba kikao kilichopita. Hakuna aliyenyoosha mkono, hata Mwalimu.

Iliamuliwa: mpaka kinda litoke, mti ule upigwe picha kwa kamera ya Swee Lan peke yake, kwa zamu, kutoka njiani, nyuma ya kamba. Zamu ya kwanza ni ya Mwalimu. Aliuliza kitufe cha kuvuta mbali kiko wapi.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo, mvua ilipoanza.

Swee Lan, najua ulitaka kamera irudi kwako Jumatano. Tuachie, mwanangu. Tujibu upesi, hata neno moja, maana Mwalimu ameifungia lenzi yake kabatini, lakini ufunguo anao mwenyewe.

Mokhtar, Mwenyekiti
Zaleha, Katibu