Filamu Tatu Hafifu za Anyosisye

Mama Zawadi, kamwene.

Baridi ya Mbeya inapenya koti, na ndizi za nyama nilizokula leo ni tamu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nimefikia kwa Anyosisye, yule niliyemfundisha mwenyewe kushika kamera. Ukutani studioni kwake ametundika picha ya anga, nyota kama mchele wa Ubaruku umemwagika. Na kamera yake ni mbovu kuliko yangu! Nikamsifu kidogo sana, nikamuuliza picha ile ameipataje.

"Hesabu ya darasa la kwanza, mwalimu. Kujumlisha."

Akanionyesha filamu tatu za anga lile lile, zote hafifu. Ukiitazama moja peke yake utaitupa. Akazipanga nyota juu ya nyota, akazitia pamoja kwenye mashine ya kukuzia picha, na nyota zilizokuwa hazionekani zikajitokeza kwenye karatasi.

"Mbona umenuna, mwalimu?"

"Harufu ya dawa hii ya kusafishia picha," nikamjibu.

Sasa, mke wangu, zile filamu zangu za nyota nilizokuambia uwashie jiko kwa kuwa hazionyeshi kitu, tafadhali usiziguse. Ziko kama kumi, zote za anga lile lile la hapo nyumbani Ipogolo. Nikizijumlisha, huyu atarudi kwangu kujifunza upya. Na kama umeshaziwasha, usiniambie mpaka niwe nimeshuka kwenye basi na nimekula.

Nakukumbuka kuliko ninavyomwonea huyu wivu, na hapo ujue ni sana.

Baba Zawadi