Mwizi Umempa Uso

Guildford, Sydney,
Australia.
19 Septemba 2021

Dada yangu mpendwa Tumpe,

Shikamoo dada. Magoti yanaendeleaje, na kile kifua cha shemeji Thobias kimepoa? Sisi ni wazima. Ofisi za mjini nilizokuwa nasafisha zimefungwa, tuko lockdown, hata kanisani Blacktown hatuendi, maana hairuhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka nyumbani. Wifi yako Brigitha bado anakwenda kazini kuhudumia wazee, na anakusalimu sana. Naandika barua kwa sababu kitochi chako hakipokei picha. Nimeziweka mbili humu ndani.

Nimepata cha kunituliza. Nanunua viaskari vya plastiki, navikata, navifinyanga upya, kisha napanga vita vya Mjerumani na Mwingereza juu ya meza ya kulia. Udongo ni makapi ya kahawa, moshi ni pamba. Ukiilaza simu chini kabisa, usawa wa macho ya askari, picha inatoka utadhani ulikuwepo.

Ile ya kwanza niliijenga kwa maneno yako. Ni wewe uliyenihadithia jinsi babu yetu Mwakalobo alivyobebeshwa gurudumu la mzinga hadi bega la kushoto likashuka, lisiinuke tena. Nikamtengeneza babu na bega lake, nikaiweka picha status ya WhatsApp.

Henry akaiiba. Henry huyuhuyu niliyempokea uwanja wa ndege, akalala sebuleni kwangu miezi minne! Chama chetu cha Watanzania kilianzisha shindano la picha za kazi za mikono, watu wasichanganyikiwe ndani, naye akaipeleka kama yake, akashinda. Hilo ningelimeza. Lakini alisema kwenye Zoom, mbele ya watu, kwamba yule mpagazi ni babu yake mzaa baba, na machozi akatoa. Babu yetu, Tumpe. Nilipompigia aliniambia nisikuze mambo, eti wapagazi walikuwa wengi. Nikakata simu. Moyoni nikasema, utanitambua.

Wiki tatu nikajifungia na lenzi ya kukuzia. Nikajenga kambi, wapagazi wamelala hoi, na pembeni askari mmoja ameinama anaiba ugali kwenye sufuria yao. Huyo nikampa uso wa Henry: pengo, kovu juu ya nyusi, na miwani yake iliyofungwa uzi mwekundu. Kichwa kizima hakifiki punje ya harage. Nikaiweka status. Nilijua ataichukua, na nilijua hatajiona, maana mtu asiyetengeneza huangalia moshi na bunduki, nyuso hazimhusu.

Akaichukua, akaipeleka awamu ya pili ya shindano. Jumamosi iliyopita familia zote tuko Zoom, Révérien, yule Mrundi mpiga picha za harusi tuliyemfanya jaji, akaanza kuikuza ili aisifu. Akafika kwenye sufuria, akazidi kuikuza. Binti yake Henry, aliyepakatwa na baba yake, akasema, "Dad, that's you." Si unajua watoto wa huku, Kiswahili wanakisikia lakini majibu ni Kiingereza. Henry akazima kamera. Dada, nilicheka hadi mbavu zikauma. Sasa amekiri kwenye group, jina la babu limeandikwa, na kila siku anapiga tuyamalize. Sipokei. Ataisoma namba. Na wewe usinihubirie msamaha, hasira yangu bado tamu.

Ila Brigitha ameniharibia. Jana alizitazama picha zote mbili, akakaa nazo, kisha akaniambia, "Mwizi umempa uso. Babu umempa bega tu."

Nikaangalia, kweli. Uso wa babu niliupaka rangi moja nikauacha, kwa sababu siujui. Henry namjua hadi uzi wa miwani, na babu niliyempigania hata pua yake siijui. Nimeona aibu, dada.

Kwa hiyo barua hii ikifika, usiiweke kabatini. Nenda siku hiyohiyo kwa shangazi Domina. Ndiye pekee aliyebaki kati ya waliomwona babu, kwenye simu hasikii, na huu ugonjwa unachukua wazee kwanza. Vaa barakoa, kaa naye mlangoni, muulize pua, masikio, alivyokuwa akicheka. Andika yote.

Msalimie shangazi mwenyewe, shemeji Thobias na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlango kwa mlango.

Mdogo wako akupendaye daima,
Ulimboka