Fundo Jekundu la Mama

Lubumbashi, tarehe 14 Julai

Kwako yaya Jeanne, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa upendo, wewe na shemeji Ruben, na Keren binti yenu katika mwezi wake huu wa mwisho wa mimba. Natumaini kile kikohozi kimekuacha, na kwamba mto Luapula bado unawapa samaki. Huku baridi ya mwezi wa saba imeshika. Asubuhi tunakaa tumejifunika mpaka jua lifike barazani. Mama anakula, analala, hana homa. Hayo ndiyo ninayokuambia kila mara kwenye simu, nayo ni kweli. Leo nimechagua karatasi kwa sababu simu hunishinda: nikisikia sauti yako tu, nimekwisha kusema tuko muzuri kabla sijafikiri.

Kuna swali ambalo nimelibeba kwa karibu miaka miwili, nami naliandika hapa mwanzoni ili usome yote yanayofuata ukiwa umelijua. Mtu akimpa mwenzake utulivu kwa kumwondolea kile anachokifanya, je, amempa au amemnyang'anya? Kwa miaka tisa niliwafundisha vijana wa chuo kikuu namna ya kuuliza maswali ya aina hii, nikiwaambia kwamba swali lililoulizwa vizuri limekwisha kujibiwa nusu. Sina tena hakika na hilo.

Unakumbuka sebule yetu ya kule kambi ya wafanyakazi wa kiwanda: kitambaa cheupe cha kroshe juu ya kila kiti, kingine juu ya redio, kingine juu ya picha ya Papa, mpaka baba yetu huyo akauliza siku moja kama yeye naye atafunikwa. Mama alijifunza kazi hiyo akiwa bibi-arusi, kwenye foyer, ile shule ya kazi za mikono ya wake wa wafanyakazi. Bila shaka unakumbuka pia kanuni ya monitrice, mwalimu wao, maana Mama alitulea nayo. Kazi ikiisha, mwanamke alifunga fundo dogo la uzi mwekundu pembeni. Kazi yenye fundo jekundu haikufunguliwa tena na mtu yeyote, hata kama ilikuwa na kosa. Kisha mwanamke alichukua mfuko wake na kurudi nyumbani. Sisi tulipomwonyesha daftari za shule alizigeuza huku na huku, na yeye hakujua kusoma, akauliza tu: fundo iko wapi?

Alipohamia kwangu baada ya kifo cha Papa, kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kukatika. Mimi nami nilikuwa nyumbani, kwa kuwa chuo hakikurefusha mkataba wangu, na thesis yangu ya udaktari ilikuwa ndani ya sanduku. Ndipo nilipomwomba anifundishe kroshe. Nakiri kwamba sijapata kuwa na pumziko kama lile. Tulikaa barazani, redio ikiwa chini, yeye akiimba nyimbo za kwaya ya zamani ambazo maneno yake hakuyapoteza kamwe, mimi nikihesabu vitanzi. Nilipokosea alinigonga kidole kwa sindano yake bila kunitazama. Nilipanda maua kwenye makopo ya maziwa kando ya ukuta, nikawa nayamwagilia kati ya mstari na mstari. Mama Mwila, jirani yetu, alikuwa akipita na beseni lake kichwani, akisimama kunicheka: eti prof, ile doctorat yako imekuwa napero ya kufunika redio? Nilicheka naye. Kwa mara ya kwanza tangu niache kufundisha, mchana haukunitisha.

Mwezi wa kumi, mwaka juzi, Mama alimaliza kitambaa cha meza. Alifunga fundo, akachukua mfuko wake, akatoka, mimi nikiwa jikoni. Alikwenda moja kwa moja kambini, kwenye nyumba ile tuliyozaliwa, akasukuma mlango na kumwuliza mwanamke aliyemkuta kwa nini chungu hakijawekwa motoni. Mwanamke yule alikuwa na mtoto mchanga kitandani. Alipiga kelele, watu wakajaa. Nilipofika nilisikia kwa masikio yangu wakimwita mchawi: uyu maman ni mulozi, anatafuta mutoto! Papa Gérard, aliyefanya kazi na Papa kiwandani, alikuwa amesimama mbele yake akiwa amefungua mikono, akipaza sauti kwamba huyu ni bibi ya Paulin, yaani mke wa Papa, mbona munapiga mama ya bantu? Lakini jiwe lilikuwa limekwisha kurushwa. Lile kovu juu ya jicho lake la kushoto, ambalo nilikuambia alilipata kwa kujikwaa uani, halikutokana na kujikwaa.

Hilo ni la kwanza ninaloungama. La pili ni zito zaidi.

Baada ya siku hiyo nilielewa, au nilidhani nimeelewa, jinsi mambo yalivyopangika kichwani mwake: kazi ikiwa mikononi, yuko mahali pake, kazi ikiisha, lazima arudi nyumbani, na nyumba anayoijua ina watu wengine. Daktari aliniambia niiache mikono yake ifanye inachokijua. Keren alipoolewa, Mama alianza lile blanketi la manjano la kitukuu wake wa kwanza, nami nikaamua kwamba halitaisha. Kila siku baada ya chakula Mama hulala saa moja hivi. Katika saa hiyo nilifumua mistari aliyofuma asubuhi, nikazungushia uzi kwenye donge lake, nikairudisha sindano pale pale alipoiacha jana yake. Niliacha daima imebaki mistari kumi na miwili. Alipoamka alilipima blanketi kwa kiganja, akaridhika, akaendelea. Wewe ulipopiga simu na kumwuliza blanketi limefika wapi, alikujibu kwa furaha yote, yaya, inabakia kiloko tu, mistari michache. Ulicheka ukasema Mama amekuwa mvivu. Nilikuwa karibu naye, nikaendelea kuhesabu vitanzi vyangu.

Uliniomba mara mbili nimlete kwenu Kasenga. Nikakuambia hawezi safari. Aliweza, yaya. Alikuwa na nguvu kunizidi. Sasa najiuliza kama nilimzuia kwa ajili ya usalama wake, ama kwa sababu bila yeye baraza lile lingekuwa tena baraza la mtu aliyeshindwa. Nikilipima jambo hili kwa uaminifu, naona sababu zote mbili, na sijui ipi ilitangulia.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikwenda Likasi kumzika mwenzangu wa kazi. Nilikaa siku tatu. Nilimwacha Mama na Syntiche, binti wa shangazi, ambaye hakujua lolote juu ya kufumua, kwani nilikuwa naona aibu kumwambia. Niliporudi, Mama alikuwa amekaa wima kitini, amevaa kitenge chake cha sherehe, blanketi limekunjwa mapajani. Pembeni kulikuwa na fundo jekundu. Akaniita Michelle. Kwa mwaka mzima nilikuwa Jeanne, ama dada yake wa Pweto ambaye amekwisha kufa. Siku hiyo nilikuwa Michelle. Aliniambia taratibu, akiwa amenishika mkono: nimemaliza, umupelekee Jeanne juma hii, mikono inaanza kunikatala. Aliniuliza habari za msiba. Aliniuliza kama Keren anatapika asubuhi. Tulizungumza hivyo muda wa kunywa chai moja, mama na mwanawe, kisha nikaona macho yake yakienda mbali, akaniuliza kama mimi ni mgeni wa Syntiche.

Ningekutumia siku ile ile. Djo, dereva anayeleta samaki wako, alikuwa bado mjini. Nilijiambia nitampelekea kesho yake.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa langoni na mfuko wake. Lango nilikuwa nimelifunga kwa kufuli tangu mambo ya kambini. Alisema kazi yake imekwisha, na mume wake anarudi kutoka kiwandani na njaa. Nilimpa uzi wa kijani aanze kitu kingine. Aliuweka tena mapajani mwangu kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu usiyemjua kitu alichokiangusha. Hakula. Siku ya pili alilia bila sauti tangu asubuhi. Siku ya tatu alilitikisa lango mpaka viganja vikachubuka, na watu wa barabarani wakaanza kusimama. Nilimsikia mmoja akiuliza ni kizee gani kinafungiwa mule ndani. Mwingine akamjibu kwa neno lile lile la kambini.

Nilimrudisha barazani, nikamkalisha. Nikalileta blanketi, nikachukua mkasi mdogo, nikakata fundo jekundu, nikaanza kufumua.

Sikungoja alale. Nilikuwa nimechoka, na nilifikiri haoni. Lakini aliona. Alinitazama mistari mitatu, minne, uzi ukirundikana miguuni pangu. Halafu akanyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazamana, kama alivyotunyooshea tulipokuwa watoto tukimsaidia kukunja uzi. Nilizungusha uzi juu ya mikono yake, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka blanketi la Keren likaisha lote. Naye alikuwa ametulia kabisa.

Jambo hili nimelipindua huku na huku kama lile fungu la maandishi ambalo mwanafunzi anajua litatoka kwenye mtihani. Huenda alinisamehe. Huenda alielewa kwamba nimeogopa, akanisaidia kama mama anavyomsaidia mtoto hata katika kosa. Lakini pia huenda ilikuwa mikono tu, ikiona uzi na kufanya inachokijua, na ndani yake hapakuwa na mtu wa kusamehe wala wa kukataa. Kila siku nachagua jibu moja, na kila siku linaniteleza.

Tangu siku ile hajaweza kulianza blanketi upya. Anafuma mnyororo mtupu, kitanzi kimoja kikivuta kingine, na hageuzi tena mstari. Nimejaribu kumshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kugeuza, mimi niliyejifunza kwake. Ananiachia mkono, nikiuachilia anaendelea mbele. Mnyororo umejaza kikapu, sasa unajaza beseni. Siufumui. Lango nimelitoa kufuli, maana haendi tena popote. Kama utulivu ndio niliokuwa nautafuta, nimeupata wote. Tunakaa barazani, redio iko chini, nyimbo amekwisha kuziacha. Maua ya kwenye makopo yamekufa kwa baridi, nami sijapanda mengine. Sindano yangu naishika kwa sababu sijui niiweke wapi mikono. Daktari amesema nisingoje akili yake irudi, nami sikuambii ungoje.

Katika kifurushi hiki alichokuletea Djo kuna blanketi la manjano. Ni uzi ule ule, ila nimelifuma mimi, tangu mwezi wa nne hadi wa sita. Nilijitahidi lifanane na lake: hata pembe moja niliibana kidogo, kama alivyokuwa akizibana. Nilifunga na fundo jekundu. Nia yangu ilikuwa kukutumia pamoja na salamu zake, nawe usingejua kamwe, na Keren angemfunika mwanawe kwa kazi ya mikono ya bibi yake. Juma lililopita nikalitoa lile fundo. Ukitazama pembeni utaona pameachwa wazi. Mwambie Keren unachoona kinafaa. Mimi sina tena haki ya kupanga kipi kisemwe kwa jina la Mama.

Kwa hiyo swali linabaki, yaya, na si kwa sababu sikulifikiria vya kutosha. Mtu mmoja tu angeweza kunijibu. Alipata saa moja ya akili yake kamili, akaitumia kunikabidhi kazi iliyokwisha. Nami siku tatu baadaye nikaifungua mbele ya macho yake. Nikimwuliza leo, ananinyooshea mikono.

Kama una hasira, usiipunguze kwa ajili yangu. Ukiweza kuja, njoo bila kupiga simu kwanza, nisije nikakuambia tuko muzuri. Nimemtajia Mama jina lako kabla ya kufunga bahasha hii. Alitabasamu kwa adabu, na hakuagiza neno. Basi pokea salamu zangu tu, uzifikishe kwa shemeji Ruben, na Keren ajifungue salama.

Ni mimi mdogo wako,

Michelle