Zebaki Chini ya Kitanda

Jumapili, Agosti 1996

Kabula wangu leo kamnyamazisha baba yake, jamani! Huko chuoni Dar wamempa zebaki apime msukumo wa mvuke wake, ijulikane hatari yake kwa watu. Binti yangu, wa tumbo hili!

Mzee, anayenasa dhahabu kwa zebaki kisha kuichoma, akacheka: "Dhahabu naichomea uwanjani. Bila moto zebaki haina neno."

"Baba, inatoa mvuke hata ikiwa baridi. Nimepima mwenyewe. Huuoni wala huunusi."

 Chupa yetu ya zebaki tunaificha chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, imezibwa kwa kitambaa tu. Tumeilalia miaka sita.

Mzee akaitoa mwenyewe. Mikono ilimtetemeka kama kawaida yake; siku zote tulisema ni uzee, kumbe huenda ni huo mvuke. Naogopa, lakini...

Kesho kisimani naanza kumtangaza Kabula, wa kwanza kusikia ni Mama Masanja, aliyesema kusomesha binti ni kupoteza ng'ombe.