Karatasi Zilizonuka Moshi

Mama Lusajo mpendwa,

Ugonile. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe ndiye uliyenikataza kuingia chumba cha mashine bila kukusalimu kwanza, hata kama bosi yuko nyuma yangu anafoka. Tabia hiyo sijaiacha.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike Kawetele. Mvua ilitunyeshea tangu kanisani mpaka kaburini, ile mvua yetu isiyo na haraka. Mdogo wako alisoma wasifu wako chini ya turubai. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto, kwaya, vyote alivisoma kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye kazi akaharakisha: "Marehemu alifanya kazi katika shirika mpaka alipoachishwa." Wanawake wawili waliokaa mbele yangu wakatazamana. Nilijua wanakumbuka nini. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Niliangalia viatu vyangu vilivyojaa matope, na sikuinua mkono.

Ndiyo maana nakuandikia, na barua yenyewe naiacha wazi. Anayetaka kuisoma aisome.

Unakumbuka siku niliyoletwa kwako? Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti cha kupiga chapa na kucha ndefu zilizopakwa rangi. Ulizitazama kucha zangu kabla hujanitazama usoni. "Gwe mwana, hizo utakuja kuziokota ndani ya rola," ukasema. Jioni hiyohiyo nilizikata. Ulinifundisha kupaka wino bila kujipaka mimi, kufuta rola kwa kitambaa cha pamba, kupepea rimu nzima mpaka kila karatasi iachane na mwenzake. Zaidi ya yote ulinifundisha kusikiliza. Uliweza kuwa unakunywa chai dirishani, umeipa mashine mgongo, ukasema, "Zimeingia mbili." Nikienda kuangalia, kweli zimeingia mbili.

Mashine ile ya zamani ya kuchapia tuliizungusha kwa mkono, nayo ilikula chochote tulichoipa. Mambo yalibadilika mwekezaji alipolichukua shirika. Akaleta mashine mpya, ndefu kama jeneza, inayovuta karatasi yenyewe na kutema mitihani ya shule nzima kabla chai haijapoa. Mimi nikapelekwa kozi Dar es Salaam kwa sababu nilikuwa na cheti. Wewe uliyekuwa na miaka kumi na tisa ya kazi ulibaki na darasa lako la saba na ufagio. Hukununa. Niliporudi ulitaka nikueleze kila kitu, ukawa unagusa kila kitufe na kuuliza hiki kinafanya nini, na hiki je.

Kisha masika yakaingia, mashine ikagoma. Karatasi zilikuwa zinakwama, zinajikunja pembe, zinaingia tatu kwa mkupuo na kutoka mbili nyeupe. Fundi alikuja kutoka Mbeya mara mbili. Alibadilisha mpira, akabadilisha rola, akaondoka. Kesho yake zikakwama tena. Wewe ulichukua karatasi moja, ukaibana shavuni kama unavyopima homa ya mtoto. "Ina maji," ukaniambia. "Hii mashine inaogopa ukungu kuliko wewe unavyomwogopa bosi."

Tulicheka sana. Laiti ningejua.

Jioni ulifunga rimu tano kwenye blanketi, ukajitwika mpaka nyumbani kwako Bulyaga. Nilikusindikiza, ndiyo maana nasema niliona. Ulizipanga kwenye dari la mianzi juu ya mafiga, pale ulipokuwa unakaushia mahindi na maharage, ukazifunika kwa kitambaa zisishike masizi. Asubuhi ulizirudisha zote tano. Mashine ikazimeza siku nzima bila kukohoa. Tulifanya hivyo wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeshtuka ila walimu wa shule fulani walioleta barua kulalamika kwamba mitihani inanuka moshi.

Mlinzi wa getini ndiye aliyekusema. Mama anatoka na karatasi za shirika kwenye blanketi. Na wakati huo orodha ya watu wa kupunguzwa ilikuwa inatafutiwa majina.

Tuliitwa ofisini wote wawili. Ulimweleza bosi taratibu, umekunja mikono mbele ya kanga yako. Naye akacheka. "Unaanika karatasi? Kama mahindi?" Halafu akanigeukia mimi. "Wewe umetoka kozi juzi tu. Huko walikufundisha kwamba karatasi zinaanikwa juu ya moto?"

Nikasema, "Hapana, bosi."

Ilikuwa kweli, Mama. Hawakunifundisha. Miaka yote hii nimejificha nyuma ya ukweli huo mdogo, na hauwezi kunisitiri. Bosi hakuwa anauliza habari za kozi, wewe ulijua na mimi nilijua. Ulinitazama mara moja tu. Kisha ukaomba ruhusa ukachukue kikombe chako. Jina lako likaongezwa kwenye orodha, na neno mwizi likatangulia kufika Bulyaga kabla wewe hujafika.

Wiki mbili baadaye mvua ilizidi na mitihani ya muhula ikakwama. Nilikuja kwako. Hata leo sijui niliipata wapi sura ya kuja nayo. Nilisimama mlangoni, nimekumbatia rimu nne na kibali cha getini alichonisainia bosi mwenyewe bila kuniuliza nazipeleka wapi, kwa sababu mimi nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuomba radhi, nikakunyooshea rimu badala yake. Ukanipokea mzigo. "Leta, zinalowa," ndivyo ulivyosema, basi. Ukanipa ndizi za kupika na maziwa ya mgando, ukaniuliza kama nafuta rola kila Ijumaa.

Ulinikaushia karatasi mpaka masika yakaisha, na masika ya miaka iliyofuata pia. Bosi akanisifu mbele ya wafanyakazi kwamba kozi imezaa matunda. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, nikijipigia mwenyewe. Nilikaa kwenye kazi ile miaka kumi na minne, na mkono wako ndio ulioniweka pale.

Siku hizi nina kiduka changu cha kuchapa pale Msasani, hii ya kwetu, si ile ya Dar es Salaam. Karatasi naziweka kwenye kabati lenye balbu inayowaka, vijana wanaonisaidia wananicheka kwamba nalea vifaranga. Mvua ikinyesha naibana karatasi shavuni kwanza. Nakukumbuka, Mama, na kila nikikukumbuka naona aibu. Mambo hayo mawili yamekataa kuachana.

Jana nilimweleza Lusajo yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia alikuwa darasa la tano wakati ule, na wenzake walikuwa wanamwita mtoto wa mwizi wa karatasi, na siku moja alikuuliza kama ni kweli. Anasema ulimjibu hivi, ukinitaja kwa jina: "Tumpe anajua. Siku moja atasema."

Nimelia mpaka macho yamevimba. Ulikuwa unaningoja. Miaka yote ile uliponipikia ndizi, uliponiuliza habari za rola, ulikuwa unanipa nafasi, na mimi nilikuwa nakula nanyamaza.

Jumamosi tunakuja kuweka msalaba. Nimemwomba Lusajo anisemee, amekataa. Anasema aliyeulizwa ni mimi. Basi mchungaji akiuliza kama kuna mwenye la kuongeza, nitasimama, na wale wanawake wawili wakiwepo nitawatazama usoni. Nitasema karatasi zilikwenda Bulyaga zikiwa na maji, zikarudi kavu, zote, na mimi niliziona.

Ndaga fijo, asante sana, Mama. Nisamehe nimechelewa.

Mwanao wa chumba cha mashine,
Tumpe