Mizizi Iliyofupika

Lagangabilili, 3 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Mwangaluka. Natumaini wewe, Mama na mifugo hamjambo. Nami ni mzima, isipokuwa kinywani. Ninaandika kwa kuwa simu ya nyumbani husikilizwa na ua mzima.

Picha ya eksirei imebainisha kwamba mizizi ya meno yangu mawili ya mbele imefupika tangu nifungwe waya za kuyanyoosha. Yanacheza. Daktari Khatibu anadai kwamba meno yakivutwa, mwili wenyewe waweza kuila mizizi. Amesitisha kuvuta kwa miezi mitatu. Simwamini. Ameniuliza mara mbili iwapo niliwahi kuumia mdomoni, kisha akaifungia kabatini fomu niliyoijaza siku ya kwanza. Anaficha nini? Ijumaa hii nitawasilisha malalamiko rasmi hapa kazini kwetu halmashauri, kurasa nne, ili asimguse mgonjwa mwingine.

Bintiyo mtiifu,
Stephania

Ipililo, 9 Machi 2025

Mwanangu Stephania,

Mwadila. Sisi wazima, tunapalilia pamba. Mama anauliza kama unakula.

Kurasa nne! Ukiwa chuo ulituandikia mistari mitatu.

Hebu niambie, huyo daktari ulimweleza habari ya yule maksai mwekundu? Ulikuwa na miaka tisa, umeshika kamba mbele ya plau, akageuza kichwa, pembe ikakupata mdomoni. Meno hayo hayo mawili. Wiki nzima ulikunywa uji kwa kikonyo cha jani la boga. Kwenye fomu uliandika nini?

Baba yako,
Maduhu

Lagangabilili, 28 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Meno bado yapo.

Niliandika "Hapana." Blandina wa masijala ya halmashauri alikuwa kando yangu kwenye benchi la kliniki, akichungulia, nami sikutaka ofisi ijue kwamba niliwahi kuongoza maksai. Jana nilimwendea Daktari, nikamweleza; anasema angalijua, angalivuta polepole na kupiga picha mapema.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuwasilisha malalamiko. Niliifungia kabatini wiki mbili, huku Daktari Khatibu amesimamishwa kazi.

Leo nimeyaondoa malalamiko. Walitaka sababu kwa maandishi. Nimeandika: "Nikiwa na miaka tisa, nikiongoza maksai shambani Ipililo, nilipigwa pembe mdomoni. Daktari aliniuliza, nikamficha."

Aliyeipokea dirishani ni Blandina. Aliisoma yote, akanitazama mdomo, akagonga muhuri.

Bintiyo,
Stephania