Bamvua kwenye Mwamba wa Pafini

Ghuba ya Pardy, Newfoundland
Mwishoni mwa Julai

Kwako mdogo wangu Selby,

Salamu zangu zikufikie huko Alberta, wewe na wote wa nyumbani mwako. Mimi ni mzima wa mwili, ila goti la kushoto hunisumbua ukungu ukitanda, na mwaka huu umetanda kwelikweli. Wewe je, kazi inakwendaje? Na shemeji Yvonne, matibabu anayapokeaje? Anapata hamu ya kula? Najua nauliza nikiwa nimechelewa mno, na huenda bahasha hii umeichana kwa hasira. Nakusihi uisome mpaka chini.

Huku kwetu watu wanazidi kupungua. Nyumba zinazotoa moshi ni chache tangu kiwanda cha samaki kifungwe. Nyumba ya mama bado imesimama, nimeipaka rangi upande unaotazama bahari. Kanisani siendi siku hizi, na karata za ukumbini nimeziacha. Siku zangu zinakwisha na kamera. Nikishakula mkate na molasi nabeba kamera na stendi yake, nashuka maweni. Maji yakitoka nachungulia vidimbwi: viti vya pweza vyenye umbo la nyota, kaa wasiozidi ukucha, na vile viumbe laini kama maua vinavyojifumba ukivigusa. Maji yakijaa nageukia ndege. Huwezi kuamini subira niliyoipata, mimi uliyekuwa ukinicheka kwa kushindwa kungoja birika lichemke. Mwezi uliopita nyangumi alizuka karibu sana na pwani, nikaupata mkia wake wote hewani, unachuruzika maji. Nikageuka nimwonyeshe mtu, hapakuwa na mtu. Nilirudi nyumbani, nikaitazama picha hiyo nikinywa chai, kisha nikaizima kamera.

Najua pia wanavyonisema. Wanasema Garland tangu anunue kamera anajiona. Ukimsalimia njiani anakupita kama kigingi. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ndio wao, ningesema hivyohivyo.

Sasa nikueleze yaliyonifika juma lililopita. Unaukumbuka mwamba ule wa nje, ambao baba alitukataza tukiwa wadogo. Maji yakitoka kabisa unavukika kwa miguu. Juu yake kuna udongo na majani, na pafini, wale ndege wa baharini, wamechimba mashimo yao humo, wanalea makinda. Nilivuka asubuhi. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akirudi tena na tena, visamaki vimening'inia kama ndevu kwenye ule mdomo wake wa rangi, anasimama mlangoni pa shimo, anatazama huku na huku, anazama ndani. Nikalala kifudifudi, jicho kwenye kamera, nikaisahau dunia. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapotoka sana na kujaa sana, na mimi mtoto wa pwani nilijua. Nilipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umeshuka na njia niliyopita haipo tena. Mahali pake maji yalikuwa yakichemka, na povu linanirukia viatuni.

Nikapanda juu kabisa, nikakaa na ndege. Nakuambia kweli, Selby, kufa hakukuniogopesha sana. Niliogopa kwamba siku nyingi zingepita kabla mtu hajauliza Garland yuko wapi.

Mara boti ikajitokeza katikati ya ukungu, karibu nami kabisa. Alikuwa Dorcas Keeping, mjane wa Wilf, ambaye sasa anavua kaa kwa boti ya marehemu. Akanirushia kamba, nikaruka, nikaangukia mitego yake nimeikumbatia kamera. Kumbe aliniona nikivuka asubuhi, na ukungu uliposhuka alikuja kuuzunguka mwamba, anapiga honi, ananiita. Akanigeukia na kuanza kunisema. Maneno yenyewe alinirudishia baadaye. Wakati ule niliona mdomo tu ukienda.

“Nimekuita mpaka koo limekauka, mwanangu,” alisema. Unamjua, kwake kila mtu ni mwanawe, hata waliomzidi umri. “Honi nimepiga, jina nimeita, umekaa kimya kama gogo. Hata ukiwa unazama unaringa?”

Nikamwambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, na leo nakuambia wewe. Nilisema, “Dorcas, sikusikia. Mimi sisikii tena.”

Masikio yangu yamekwisha, ndugu yangu. Mashine za kiwandani ziliyala kidogo kidogo miaka ile yote, na vile vifaa vya kuvaa sikioni vinanipa kelele, si maneno. Niliona haya. Mtu akinisemesha nilicheka, au nikasema naam, naam, na nikishindwa kubahatisha nilikimbia. Nikakimbilia kwa ndege, kwa kuwa ndege hamuulizi mtu kitu. Nina picha zao nyingi wamepanua midomo, wala sijui walikuwa wakisema nini.

Dorcas alizima injini. Akaja akapiga magoti mbele yangu, uso kwa uso, akasema polepole hadi nikamwelewa, “Basi tumekuwa tukimsema mtu bure.” Kisha akaniuliza kuhusu simu yako. Simu gani? Ndipo aliponieleza kile ambacho ghuba nzima inakijua kutoka kwa wale uliowasimulia, isipokuwa mimi: kwamba wakati wa Pasaka ulinipigia ukilia, ukaniambia Yvonne amekutwa na saratani, nami nikakujibu kwa furaha, “Safi sana, hongereni,” nikaanza kukusimulia habari za shakwe.

Naikumbuka simu hiyo, Selby. Nilijua ni wewe kwa sababu hakuna mwingine anayenipigia. Nilisikia mvumo tu, mrefu, ukipanda na kushuka, nikajiambia kwamba mtu hawezi kueleza kirefu namna hii isipokuwa ana heri. Nikadhani mmepata nyumba mliyokuwa mkiitafuta. Nilishinda siku hiyo nzima nimefurahi kwa ajili yenu.

Mweleze Yvonne hayo, kama unaona yafaa. Humu bahasheni nimemwekea picha ya yule pafini na visamaki vyake. Nyuma ya picha nimeandika jina la shemeji tu, mengine yalinishinda. Dorcas huja Jumapili na chewa wa chumvi, ananizungumzisha polepole, na kunikaripia polepole vilevile. Ukumbini bado sijarudi.

Usinipigie simu. Niandikie, hata kama ni matusi. Na hali ya Yvonne ikiruhusu ukaja, usiniite kutoka mlangoni. Ingia moja kwa moja, nishike bega, kisha usimame penye mwanga unieleze upya yote uliyonieleza siku ile. Safari hii nitajua la kujibu.

Nibusie watoto, na umpe shemeji pole zangu, pole za dhati.

Ni mimi kaka yako,
Garland